Babu wa Kofia Nyeusi

Hashimu hakuwa mvivu. Waliomwita mvivu hawakuwahi kumwona akitafuta namna ya kukwepa kazi. Shughuli hiyo aliifanya tangu alfajiri mpaka jua kuzama, bila likizo.

Siku hiyo alikuwa Lushoto mjini, kwenye mgahawa mmoja karibu na soko, akinywa chai iliyolipiwa na mtu mwingine. Mwenye mgahawa alikuwa ameweka picha ya makauboi, ya zamani, iliyotengenezwa kwa fedha isiyofika bei ya pilau ya harusi. Ilikuwa imechakaa hata Wazungu wamegeuka rangi ya maji ya chai. Mlango ukifungwa kwa nguvu, mji mzima unatikisika, maana nyumba zote zilikuwa ukuta wa mbele tu. Na steringi, yule shujaa wa picha, alikuwa akipiga risasi tangu aingie, bastola ni ileile na hajaijaza.

Meza ya pili alikaa Kornelio, mkulima wa viazi kutoka Mgwashi, mtu mwenye ghala kubwa na mkono wa birika. Ghafla akaacha kutafuna.

"Mmeona mwendo wa yule?" akawauliza wenzake, kidole kikielekea kwenye picha. "Yule si mtu wa tambarare. Babu yangu Shemboza alitembea vilevile."

Wenzake wakatazama, wakaafiki. Milimani mtu hatambuliwi kwa sura. Unamwona yuko ng'ambo ya bonde, sura huioni, lakini ukishaona anavyoteremka unasema huyo ni wa ukoo fulani, na hukosei. Sasa kauboi, kwa kushinda juu ya farasi, magoti yamelegea na miguu imepinda. Ukimteremsha chini anatembea sawasawa na mtu anayeshuka Mgwashi na gunia kichwani.

Umeme ukakatika, picha ikazimika katikati. Kornelio akasikitika kama mtu aliyekuwa akiongea kwa simu na marehemu, halafu salio likaisha.

Hashimu aliinunua ile diski kabla chai haijapoa.

Siku chache baadaye alipanda Mgwashi kwa pikipiki yake nyekundu. Pikipiki hiyo ndiyo kitu pekee alichokipata kwa jasho. Aliponda kokoto kule Muheza msimu mzima ili ainunue, na kosa hilo hakulirudia tena. Aliipenda kuliko ndugu zake. Akaiegesha mbele ya nyumba ya Kornelio, akaweka tai vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi, mzee wangu. Natafuta warithi."

Kornelio akamsogezea kiti.

Hashimu akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Zamani, Wazungu walikuja Usambara kupiga picha ya kauboi. Baridi ikawashinda, wakalala vitandani na blanketi, wakawaajiri wenyeji wavae kofia badala yao. Sasa yule mwenye picha amefariki huko Marekani, na ameacha wosia kwamba kila aliyeonekana kwenye picha familia yake ipewe fungu. Kilichobaki ni kuwatambua tu. Yeye, Hashimu, ndiye wakala. Gharama za kufuatilia ni gunia moja la viazi kwa kila ukoo, na gari la kubeba litafika Jumamosi jioni.

Kwa nini viazi na si fedha? Hashimu alijua watu. Mtu akitoa noti hufikiri mara mbili. Akitoa gunia hufikiri mgongo wake umepumzika.

Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri ghala la Kornelio likajaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, shuka likatundikwa ukutani, projekta ya Hashimu ikaelekezwa hapo, jenereta likakohoa nje, na magunia yakapangwa mlangoni karibu na pikipiki. Mbele kabisa alikaa Yusufu, mwenyekiti wa kitongoji. Pembeni yake alikaa Bi Hadija, ambaye alikulia Tanga mjini jirani na jumba la sinema, na kwa hiyo picha yoyote ikionyeshwa Mgwashi hukumu ilikuwa yake.

Hashimu akasimama kando ya shuka kufasiri. Kiingereza alichojua kilitosha kuomba maji, lakini alifasiri bila kusita.

"Hapa anasema, nani kamfunga farasi wangu vibaya?"

"Farasi ni mmoja tu," akasema Bi Hadija. "Wanampaka madoa wanamrudisha."

"Bi Hadija, tuache tutazame," akasema Kornelio.

"Tazama. Na yule pale si ameshakufa? Amerudi na ndevu."

Watu wakacheka. Hashimu akaona shughuli inataka kuharibika.

"Mama yangu," akasema kwa upole, "picha zile za Tanga mjini zilikuwa za kuigiza, ndiyo maana zilipendeza. Hii ni ya kweli. Walikuwa wanapiga mambo yanavyotokea. Uongo ndio unaotengenezwa vizuri, ukweli hauna muda huo."

Bi Hadija akajifunga khanga vizuri. "Kumbe," akasema.

Ikafika kazi ya kutambua. Steringi aliposhuka kwenye farasi na kuvuka barabara, Kornelio akaruka. "Shemboza! Babu huyo!"

"Babu yako wapi!" Hamza, jirani yake, akainuka naye. "Ule ni mwendo wa kwetu. Tazama bega."

"Kwenu ni yule aliyeingia chini ya meza risasi zilipoanza."

"Yule hajatembea hata hatua. Ametambaa!"

"Ndiyo ninachosema. Kwenu."

Yusufu ilibidi apige gunia kwa fimbo. Baada ya kelele, ukoo wa Kornelio ukapewa steringi kwa sababu ghala ni lao. Hamza akapewa mfua vyuma, na Zainabu, muuza mboga, akadai yule mwanamke wa baa. Alipoona nguo aliyovaa, akamwachia Hamza.

"Na wewe, wakala?" akauliza Bi Hadija. "Kwenu hakuna aliyeonekana? Ulianzaje kazi hii?"

Swali lilikuwa jepesi na Hashimu alilipenda. Tapeli anayejiweka kundini huaminiwa haraka. Pale kwenye shuka alikuwa anaingia bwana mmoja nadhifu, kofia nyeusi, masharubu yamechanwa, anamvulia kofia kila mwanamke. Kule mgahawani Hashimu alikuwa ameishia hapohapo.

"Yule," akasema, akaweka mkono kifuani. "Yule ndiye babu mzaa baba. Nikimwona machozi yananitoka."

"Mtu wa heshima," akasema Yusufu.

"Sana, mzee. Ukoo wetu wote ndivyo ulivyo."

Picha ikaendelea. Yule mtu wa heshima akatoka mjini, akamkuta baba yake steringi kisimani ananawa uso, akampiga risasi ya mgongo. Kisha akachoma nyumba. Kisha, akipiga mluzi, akaswaga ng'ombe wote wa pale.

Jenereta tu ndilo lililokuwa na la kusema.

Ng'ombe wakaanza kupita. Waliotengeneza picha hiyo hawakuwa na ng'ombe wengi, kwa hiyo waliwapitisha mbele, wakawazungusha nyuma ya kilima, wakawapitisha tena. Yule mwenye pembe moja alipita mpaka watu wakamzoea kama jirani.

"Hapa anasema..." Hashimu akaanza.

"Usifasiri," akasema Kornelio. "Tumeona."

"Mzee Kornelio..."

"Babu yako amemuua baba wa babu yangu. Akiwa ananawa!"

Mwishoni steringi naye akampiga risasi mwenye kofia nyeusi juu ya paa. Akaanguka taratibu, akichagua mahali pasipo na matope. Hashimu akapumua.

"Basi, wazee wangu! Mmeona wenyewe. Damu kwa damu, tumelipana. Nyanyukeni tusogeze viazi barabarani, gari liko njiani."

Hakuna aliyenyanyuka. Yusufu akageuza kiti, akawakabili watu. Kwa kufanya hivyo tu ghala likawa baraza.

"Kwa kuuana, kweli wamelipana," akasema. "Ng'ombe je? Nani aliona wakirudishwa?"

"Hawakurudishwa," watu wakajibu.

"Mrithi hachagui, wakala. Ukichukua shamba la babu unachukua na mgogoro wa mpaka. Wewe umekuja kwa ajili ya fungu la babu yako. Basi na ng'ombe ni fungu lake."

"Lakini mzee, ng'ombe wenyewe ni wachache! Ni walewale, wanazungushwa kilimani!"

Bi Hadija akageuka polepole. "Wanazungushwa? Si ulisema picha ya kweli?"

"Mama, hata wewe umeona farasi anapakwa madoa!"

"Mimi? Hii picha sijaona kosa lake. Nimetazama picha nyingi, ila hii imetulia. Ng'ombe walikuwa bahari nzima."

"Yule wa pembe moja kapita kila mara!"

"Ni kizazi chao," akasema Hamza. "Pembe moja inarithiwa. Hata kwetu wapo."

Hashimu akawatazama wote, akatazama na mlango. Zainabu alikuwa ameketi juu ya pikipiki, anakula karoti, funguo alizozichomoa zikining'inia kidoleni. Jasho likaanza kumtoka, na yeye na jasho walikuwa hawajaonana siku nyingi. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kazi yake yote. Akasema ukweli.

"Sikilizeni. Mimi ni tapeli! Diski nimeinunua mgahawani Lushoto. Hakuna wosia, hakuna fungu. Hao wote ni Wazungu, na mwenye kofia nyeusi simjui kabisa! Viazi vyenu hivyo hapo, chukueni. Nipeni pikipiki yangu niondoke."

Kukawa na mguno mzito, kama wa kanisani mtu anapotaja jina la shetani.

"Mmemsikia?" akasema Kornelio. "Saa ile kamlilia hadharani. Sasa kaona ng'ombe, anamkana."

"Anamkana babu yake mzaa baba," akasema Yusufu, akitikisa kichwa. "Nimesuluhisha kesi nyingi hapa. Wapo wezi, wapo wagomvi. Hili la kumkana babu ili kukwepa deni sijaliona. Faini ni mbuzi mmoja juu ya wale ng'ombe."

"Jamani, naapa..."

"Unaapa kwa nani? Babu huna."

Hashimu akabembeleza, akapiga magoti, akawatajia jina halisi la babu yake, aliyekuwa akiuza machungwa Muheza na hakuwahi kushika bunduki. Kornelio akamjibu kwamba watu waliokimbia na mifugo hubadili majina, hilo linajulikana. Kadiri alivyojitetea ndivyo ukoo wake ulivyozidi kuchafuka. Alipofika kwenye shangazi zake akaona anyamaze.

Hukumu ikatoka kabla ya swala ya alasiri. Kwa kuwa kijana hana ng'ombe hata mmoja, pikipiki itashika nafasi ya kundi. Projekta itashika nafasi ya mbuzi. Magunia yatarudi kwa wenyewe. Kornelio akaipapasa pikipiki akasema Shemboza sasa atalala vizuri. Hamza akasema isilale kwa Kornelio, maana mfua vyuma ndiye aliyewapigilia farasi wote vyuma vya kwato. Wakaanza upya.

Bi Hadija alimsindikiza Hashimu mpaka njia panda, kwa sababu mgeni husindikizwa hata kama amenyang'anywa. Walipokuwa peke yao, Hashimu akasimama.

"Mama, wewe umekulia mjini. Unajua ile ni picha tu. Unajua!"

"Mwanangu, ile ndiyo picha mbovu kuliko zote nilizowahi kuona maishani," akasema Bi Hadija. "Nilijua tangu mlango wa kwanza ulipotikisa mji."

"Sasa kwa nini usiwaambie?"

"Niwaambie, halafu kesho nani aende sokoni kwa pikipiki?" Akamtolea viazi vya kuchemsha kutoka kwenye khanga, akamfungia kwenye mfuko. "Tatizo lako umeuza picha hujaitazama mpaka mwisho. Haya, mghoshi, mwanamume wewe, Mombo kwenye mabasi ni mbali kwa miguu. Anza sasa."

Hashimu akaanza kuteremka, tai mfukoni. Hakuwa amefika mbali aliposikia jenereta likikohoa tena kule juu. Walikuwa wameirudisha picha nyuma. Akasikia kwato za yule farasi mmoja, akasikia Bi Hadija akifasiri kwa sauti ya juu, vizuri kuliko yeye. Kisha ghala zima likalipuka kwa vigelegele, miluzi na makofi.

Mwenye kofia nyeusi alikuwa ameingia.

Hashimu akasimama njiani, akasikiliza mpaka makofi yakaisha. Na Mungu amsamehe, akajikuta anajivuna.