Hamira kwenye Kapeti la Bwana Elikana

Jumatano, 3 Septemba

Nimenunua daftari hili leo. Sababu: nimekabidhiwa gari la mkuu wangu, na mtu aliyekabidhiwa gari la mkuu wake anahitaji kumbukumbu za maandishi. Nimesomea utunzaji wa kumbukumbu miaka miwili Morogoro.

Bwana Elikana, mkuu wa ofisi yetu ya mbegu hapa Kilosa, ameondoka asubuhi kwa treni kwenda mkutanoni Dodoma. Atarudi Ijumaa jioni. Kesho niende Mikumi kwa gari lake, nichukue ndoo ya togwa kwa mama yake mzazi, niifikishe kwa mkewe. Jumapili binti yao Anitha anapata kipaimara, na sherehe itakuwa ya togwa tupu, kinywaji kitamu kisicholevya. Bwana Elikana ni mzee wa kanisa. Hajawahi kuonja pombe, na hulisema hilo hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Miezi yangu sita ya majaribio inaisha Jumatatu. Fomu ya kunithibitisha kazini iko kwenye droo yake, haijasainiwa. Ya Valentino, karani mwenzangu, iko chini yake. Valentino hana leseni ya udereva. Mimi ninayo. Nilijitahidi kutolitaja hilo zaidi ya mara tatu.

Valentino alinisindikiza hadi garini. Akasema, "Mheshimiwa Ditram, breki ni ile ya katikati."

Sijalala vizuri tangu nikabidhiwe funguo, na nimekabidhiwa leo asubuhi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nilikwenda mwendo wa arobaini. Bodaboda walinipita wakinipungia.

Bibi Raheli, mama yake Bwana Elikana, alinipokea vizuri sana. Shikamoo, marahaba, wali na maharage. Akanipa ndoo ya lita ishirini, togwa imejaa hadi shingoni. Akaagiza mambo mawili: niiweke nyuma, na nisikaze mfuniko, kwa maana togwa hupumua. Nikaitikia, ndiyo bibi. Lakini mtu aliyesoma haachi ndoo wazi ndani ya gari la mkuu wake. Nilipotoka machoni pake nilisimama, nikaukaza mfuniko kwa mikono, kisha nikaukalia. Ndoo nikaihamishia mbele, miguuni pa siti ya abiria, ili niwe naiona.

Jua lilikuwa kali. Nilipokaribia Ulaya (yetu, ya njiani, siyo ile ya kwenda kwa ndege) nikasikia mlio: puu. Tairi. Nikasimama, nikashuka, nikalizunguka gari mara mbili. Tairi zote nne nzima. Hata ya akiba niliitazama. Nilishusha pumzi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mfugaji aliyekuwa akivusha ng'ombe alisimama kunitazama nikishukuru.

Ndipo nikafungua mlango wa abiria.

Nusu ya togwa ilikuwa kwenye kapeti. Nyingine kidogo ilikuwa darini. Mfugaji akaja, akachungulia, akasema pole, na kwamba ingenyweka.

Nilifikiri haraka. Nilipofika Kilosa nililificha gari nyuma ya nyumba ninayopanga, Mabwerebwere, nikaipeleka ndoo kwa bodaboda. Nikamwambia Mama Anitha kwamba gari nimelibakiza ili nilioshe vizuri kwa heshima ya Jumapili. Akanibariki. Kisha akafunua ndoo na kusema mama mkwe kazeeka, zamani alikuwa anajaza. Nikanyamaza. Kunyamaza si kusema uongo. Kumbukumbu zioneshe hivyo.

Saa kumi na moja jioni. Nimetazama video nne za kusafisha kapeti la gari nyumbani. Zote zinakubaliana: nyunyiza baking soda, acha hadi asubuhi, sugua, suuza, anika. Nilipata C ya Kemia, kwa hiyo sikushangaa. Soda hiyo hula asidi na harufu. Tatizo lilikuwa Kiswahili chake. Nilimuuliza Shamimu mwenye duka, dada anayeuza kila kitu na kuuliza kila swali. Akasema baking soda hana. Nikawaza: hiyo si ndiyo inayoumua maandazi? Na kinachoumua maandazi kwa Kiswahili si hamira? Nikaomba hamira. Pakiti mbili. Chembe zake ni za kahawia, wakati kwenye video unga ulikuwa mweupe. Nadhani huku kwetu haichujwi sana.

Nimenyunyiza yote juu ya unyevu, sawasawa, hadi kwenye kona. Nalala kwa amani.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeomba ruhusa ofisini kwa simu, kwa sababu ya shughuli za mzee. Valentino ndiye anayekaimu, akaitoa ruhusa hiyo kama mtu anayemchimbia mwenzake shimo.

Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Raba za kukanyagia nilizitoa, nikazisugua kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia, nikazitundika kwenye uzio. Zimekuwa nyeusi kama mpya. Kapeti lenyewe limebanwa chini ya siti, kwa hiyo niliing'oa siti ya abiria. Bolti nne, spana namba kumi na nne. Nilizipanga juu ya tofali kwa mpangilio, kama majalada.

Kapeti lilikuwa limetoa povu dogo dogo. Soda ikifanya kazi! Nilisugua, nikasuuza kwa ndoo moja ya maji (niliogopa nyaya), nikatandika taulo langu na kulikanyagakanyaga kwa miguu mitupu ili linyonye maji. Hapo ndipo Valentino alipotokea, eti kuniletea karatasi ya kusaini. Akanikuta napiga hatua ndani ya gari lisilo na siti. Akavuta pumzi ndefu puani. "Gari linanuka usafi," akasema. "Umeua nini humu?"

Nilimwambia ni utaratibu wa kitaalamu. Akauliza kama utaratibu huo una ngoma yake au unachezwa mkavu.

Wakati wa kurudisha siti, bolti zilikuwa tatu. Nimetafuta chini ya tofali, ndani ya taulo, kwenye mfuko wa shati. Nimekaza tatu. Siti imesimama. Ukiitazama tu huwezi kujua.

Saa kumi jioni nimelirudisha gari. Kwa juu kapeti lilikuwa kavu. Bwana Elikana alipofika kutoka stesheni alifungua mlango, akainama, akanusa. Akasema, "Kijana, limekuwa jipya." Sabuni tupu.

Nimerudi kwa miguu nikiimba. Jirani ameuliza kama nimeoa.

Jumamosi, 6 Septemba

Mambo mazito.

Asubuhi Bwana Elikana alikwenda Kimamba kukodi viti na turubai. Peke yake. Akaliegesha gari juani, vioo vimefungwa, saa tatu nzima. Saa nane mchana nikapigiwa simu nifike nyumbani kwake. Nilimkuta amesimama upande mmoja wa gari, na Mama Anitha upande mwingine, mikono kiunoni. Nikawaamkia wote wawili. Aliyeitikia ni Mama peke yake, akaniambia niingize kichwa ndani ya gari, nivute pumzi, niseme.

Nikaingiza kichwa. Pombe. Si kidogo. Ilikuwa kama mtu amefungua kilabu chini ya siti.

Kwanza nilishtuka. Kisha nikapata nafuu kubwa sana, na nitaieleza hapa ili isije ikaeleweka vibaya: harufu haikuwa ya togwa. Togwa ni tamu, ina harufu ya uji na kimea. Na ya kwangu ilishaliwa na soda, pakiti mbili. Kwa hiyo pombe hii haikunihusu. Iliingia garini leo, Kimamba, pamoja na Bwana Elikana.

Nani angedhani. Mzee wa kanisa.

Mama akauliza kama gari lilikuwa linanuka hivyo jana nilipolirudisha. Nikajibu ukweli: hapana Mama, lilinuka sabuni. Mama akamgeukia mumewe. Akasema miaka kumi na tisa anamsikiliza akijisifu hajaonja, kumbe alikuwa anangoja viti vya kukodi. Akakaa kwenye siti ya abiria kuonesha jambo fulani, siti ikayumba naye kwenda nyuma. "Ona," akasema, "hata siti imelewa."

Bwana Elikana aliapa. Akaapa tena. Anaigiza vizuri mno. Ningekuwa simjui ningemwamini. Mama akasema kesho ataenda kanisani kwa miguu, na atakayemuuliza kwa nini haji na gari atamjibu.

Wakati naondoka Bwana Elikana alinishika bega. Akasema, "Ditram, umenimaliza." Kisha akataja fomu. Alisema ataiangalia, lakini kwa sauti ya mtu asiyeangalia.

Nimesema ukweli mara moja katika wiki nzima, na huo ndio unaoninyima kazi. Valentino ametuma ujumbe: "Mzee kanywa nini Kimamba?" Amesikiaje?

Jumapili, 7 Septemba

Niliamka na mpango. Ni ajabu jinsi ulivyo rahisi.

Lazima nimwokoe Bwana Elikana kwa uongo. Uongo wenyewe unatakiwa ueleze harufu ya pombe bila kumhusisha yeye. Nilikaa kitandani nikautunga: niseme kwamba Alhamisi, nikitoka Mikumi, togwa ilimwagika kwenye kapeti, nikaogopa kusema, ikakaa humo ikachacha. Faida ya uongo huu ni kwamba robo tatu yake ni kweli. Kinachobaki ni kuongeza hilo la kuchacha, ambalo kisayansi haliwezekani, lakini Mama hakusoma Kemia.

Nilifika kwao saa moja asubuhi. Mama alikuwa tayari na viatu vipya mkononi na kandambili miguuni, safari ya miguu. Nikapiga magoti sebuleni. Nikasema yote kwa pumzi moja: mfuniko, Ulaya, mlio, tairi nne nzima, nusu ya ndoo. Nilipofika kwenye kuchacha sauti ilinitetemeka, maana hapo ndipo penye uongo.

Kisha Bibi Raheli, aliyefika jana jioni na basi la Mikumi, akatoka chumbani. Akauliza swali moja tu: uliukaza mfuniko? Nikasema ndiyo bibi, na nikaukalia. Akamwambia mkwewe kwamba ndoo ilijaa hadi shingoni, aliijaza kwa mkono wake, na kwamba si yeye aliyezeeka. Mama Anitha akatazama chini. Inaonekana maneno yake ya Alhamisi yalikuwa yamemfikia Bibi.

Bwana Elikana akaenda kwenye gari, akapiga goti, akabandua kona ya kapeti. Akanusa kidole. Akarudi amesimama wima kama mlingoti wa bendera. "Ni togwa," akasema. "Mke wangu, ni togwa."

Huyu mtu angecheza maigizo.

Mama akaanza kucheka. Alicheka hadi akaketi sakafuni, akamwomba mumewe radhi mbele yetu wote, na Bwana Elikana akamsamehe kwa hotuba fupi iliyogusia miaka kumi na tisa. Wakaenda kanisani kwa gari, vioo vyote chini. Nikaendesha mimi. Bibi alikaa mbele kwa sababu, alisema, siti ile inambembeleza.

Baada ya sherehe Bwana Elikana alinivuta pembeni ya turubai. Nilijua anataka kunishukuru kwa siri, mkosaji kwa mwokozi wake. Akasema, "Umenitesa siku moja, lakini umekuja mwenyewe na ukasema. Wangapi wangesema?" Machozi yalimlengalenga. Nilimpa jicho la kuelewana, kumwonesha kwamba Kimamba itabaki kati yetu. Akaniuliza kama nina vumbi jichoni.

Jumatatu, 8 Septemba

Fomu imesainiwa. Kwenye nafasi ya maoni ya mkuu ameandika: "Mwoga, lakini mkweli." Nilibana kicheko hadi nikakohoa. Mkweli! Kwa uongo mmoja tu, uliotungwa kitandani!

Ya Valentino imesainiwa pia. Maoni: "Ajifunze udereva." Ameniuliza kama nitamfundisha. Nimemwambia tutaangalia ratiba.

Nafuu niliyo nayo leo haielezeki. Nimekula chapati tatu.

Bolti ya nne imepatikana. Ilikuwa ndani ya kiatu changu tangu Ijumaa, nilidhani ni kijiwe. Kuirudisha kungezua maswali, na Bibi ameipenda siti. Nimeihifadhi ndani ya bahasha, nimeandika tarehe.

Jambo moja zaidi. Jana wageni walimwaga togwa kwenye kapeti la sebuleni kwa Mama Anitha, sehemu tatu, na mojawapo ni kubwa kama sinia. Leo mchana nilipopita kwao alikuwa analitazama kwa huzuni. Nikajitolea. Kazi nimeshathibitishwa, lakini mtu haachi kujenga jina.

Nimepita kwa Shamimu kununua hamira, pakiti sita. Kosa langu la Alhamisi lilikuwa kubana matumizi. Shamimu akauliza kama nafungua kiwanda cha maandazi. Akaendelea kusema jambo kuhusu hamira na vitu vitamu na mama yake mdogo aliyekuwa akipika pombe Munisagara, lakini nilikuwa na haraka, sikusubiri amalize.

Tayari nimenyunyiza, hadi chini ya makochi. Nimefunga madirisha yote ya sebule ili joto lisaidie. Mama Anitha akauliza, kwa sauti ya wasiwasi, kama nina uhakika. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba dawa hii haijawahi kuniangusha.