Chungu Kilichomeza Sauti ya Bwana Harusi

Jumatano, 11 Februari 1998

Siku nane kabla ya nikahi yangu. Nimepata wazo. Kubwa! Hata chakula kimenishinda.

Leo Mzee Marhoon, baba yake mchumba wangu Mahbuba, kalalamika tena. Wajukuu zake hawajui Kiswahili hata cha kumwamkia mama yake, Bibi Muhsina, aliyezaliwa Unguja akaja huku Arabuni mtu mzima, na ambaye Kiarabu chake kinaishia kwenye sala na bei ya samaki. Watoto wanambusu mkono, wananyamaza, kisha wanakimbilia katuni.

Katuni yenyewe ni ile ya Kijapani ya kila jioni. Mganga kijana asiyejua uganga anazunguka dunia na chungu mgongoni, na ndani ya chungu mna zimwi lenye maneno mengi. Kwa Kijapani mganga ni Tampei na zimwi ni Dogama. Waliotia Kiarabu wakawaita Nabil na Abu Jarra. Watoto wameihifadhi kwa ghibu, kila neno.

Basi mimi nitaitia Kiswahili! Nabil atakuwa Makame. Abu Jarra atakuwa Mzee Chungu. Siku ya nikahi, baada ya halua, naweka kanda kwenye video. Watoto wanacheka kwa Kiswahili. Bibi Muhsina analia kwa furaha. Mzee Marhoon anasahau kuwa mkwewe ni karani wa ghala la vigae huko Rusayl.

Kuna tatizo moja tu. Mwenye deki mbili za video na waya zake ni Majid.

Alhamisi, 12 Februari

Nimekwenda Al Khoudh kwa Majid. Nimejishusha mpaka chini.

Majid ni mtoto wa ami yangu Awadh, yule aliyehamia Bujumbura akaoa huko. Ni fundi umeme. Kazi yake iliwahi kumpeleka Japani miezi sita, na tangu hapo hawezi kunywa chai bila kuitaja Japani. Sauti yake ni nzito, nzuri, ya kuadhinia. Miaka miwili iliyopita alimposa Mahbuba, Mahbuba akakataa. Anasema amekwisha kusahau. Amesahau! Mtu huyu anakumbuka nani alimkanyaga mguu mwaka 1985.

Amekubali kutoa mitambo kwa sharti kwamba Makame awe yeye. Nimemwambia Makame hawezi kuwa na lafudhi ya bara. Kanijibu kwamba Makame mwenyewe katoka Japani, na Japani ni mbali zaidi na Unguja kuliko Bujumbura. Kamchukua Makame.

Mzee Chungu ni wangu. Afadhali. Mzee Chungu ndiye mwenye maneno matamu.

Ijumaa, 13 Februari

Tumerekodi tangu baada ya sala ya Ijumaa mpaka magharibi. Niliazima chungu kikubwa cha udongo cha mama, kile kilichofinyangwa Bahla, nikaingiza kichwa ili sauti itoke kama ya zimwi. Ndani nikaweka chetezo chenye ubani. Majid kauliza ubani wa nini, kwani tunarekodi sauti, na moshi hauonekani. Nikamwambia msanii lazima aingie ndani ya kazi yake. Kajibu kwamba nimeshaingia mpaka mabegani.

Nimenguruma kwa saa tatu. Pale Mzee Chungu anapokubali kumtumikia mfalme mwovu, kisha anawafungia watu wote kasrini, nilijitisha mwenyewe. Nimelazimika kutoka nje kupunga upepo.

Koo linawasha kidogo. Vumbi la Mabela hili, kila mtu huku anajenga.

Jumamosi, 14 Februari

Sauti imekwaruza. Nilipoamka nilimwamkia mama, akatazama mlangoni akidhani amekuja mgeni.

Jioni nimemhadithia Majid. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitia hofu. Kaleta kimoja katika vitabu vyake vya Japani, vya katuni hiyohiyo, akafungua ukurasa wa nyuma. Nimeuona kwa macho yangu. Dogama kauweka mkono wake mrefu kwenye koo la mtoto, na mtoto kafunua mdomo! Pembeni maandishi mekundu.

Majid kasema hiki ndicho kipande walichokikata wenye Kiarabu. Kwenye kitabu, anayeigiza sauti ya Dogama hunyang'anywa ya kwake. Inakwenda kwa siku tatu. Kwanza nzito, kisha nyembamba, kisha yote.

Nikacheka ili ajue siogopi. Kicheko kilitoka nusu.

Jumapili, 15 Februari

Nzito imekwisha. Imebaki nyembamba.

Nimesoma kila dua niijuayo. Nimejifukiza ubani chini ya shuka, mara tatu, ili zimwi liondoke. Kila nikimaliza ndiyo sauti inazidi kupungua. Lina nguvu.

Daktari wa zahanati kanichungulia kooni akasema niache moshi na niache kupiga kelele. Basi! Hakuuliza lolote kuhusu chungu. Kijana mdogo, atajua nini.

Jumatatu, 16 Februari

Yote.

Asubuhi nilifungua mdomo nikatoa hewa. Alhamisi shekhe ataniuliza kama nimekubali, mbele ya mashahidi, nami nitamtazama kama samaki.

Na si hao tu watakaosikia. Mzee Marhoon ameshatangaza kuwa nitajibu kwa Kiswahili, na kutakuwa na kipaza sauti, ili Bibi Muhsina asikie huko ndani kwa wanawake. Ana miaka themanini na tatu. Anataka kusikia nikahi ya mjukuu wake kwa lugha yake kabla hajafa. Amesema hivyo hasa.

Mzee Marhoon aliwahi kumrudisha mposaji kwa sababu alikohoa alipotajiwa mahari. Sasa mimi ninyamaze! Na akiuliza sauti imekwenda wapi, nimwambie nimeiacha ndani ya chungu?

Saa nne Mahbuba kapiga simu. Nikapokea, nikajitahidi, nikahema. Kanidhani mhuni tu, kasema nina bahati mchumba wake hayupo hapa, angenivunja meno. Akakata. Nampenda mno mwanamke huyu. Nikimkosa sijui nitafanya nini na maisha yangu.

Jumanne, 17 Februari

Nimemwandikia Majid karatasi kuomba ushauri. Kasoma, kageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Nadhani alikuwa akilia. Kisha kasema nimtaarifu Mzee Marhoon tu, ni muungwana, ataelewa.

Sawa. Nimtaarifu ili nikahi iahirishwe, na Majid awepo hapo na sauti yake nzuri! Sikuzaliwa jana.

Jumatano, 18 Februari

Nimeokoka! Mzee Chungu mwenyewe ndiye atakayeniokoa.

Katika kanda zetu, anapokubali kumtumikia mfalme mwovu, anasema nini? Anasema, "Nimekubali." Ni sauti yangu, kwa Kiswahili, wazi kabisa. Nimelinakili neno hilo kwenye kaseti, nikaitia katika kinasa sauti kidogo cha ofisini. Kesho kitakaa ndani ya joho langu. Shekhe akiuliza, nafungua mdomo, nabonyeza, nafumba mdomo.

Nimejaribu mbele ya kioo mara ishirini. Mara kumi na tisa mdomo na sauti vilikwenda pamoja. Betri nimeweka mpya, maana zile za zamani zilichoka kwa majaribio.

Nimejifukiza mara ya mwisho kwa ajili ya baraka. Silali.

Alhamisi, 19 Februari

Nieleze kwa utaratibu.

Baada ya alasiri, nyumbani kwa Mzee Marhoon, Al Khoudh. Ukumbi umejaa vilemba. Nimekaa mbele ya shekhe, kipaza sauti kati yetu, Majid ubavuni kwangu. Kila aliyenipa mkono nilimjibu kwa kuinamisha kichwa. Wazee wakasifu haya yangu.

Khutba ikasomwa. Mzee Marhoon akaniozesha. Shekhe akanigeukia akaniuliza kama nimekubali. Nikafungua mdomo. Nikabonyeza.

"Nimekubali," likasema joho langu, kwa sauti ya mtu aliyemo kisimani.

Nikafumba mdomo. Nikabonyeza kusimamisha. Kidole kilikuwa na jasho, kikateleza. Na mimi, katika kunakili kwangu, sikukata pale neno lilipoishia.

"Sasa fungeni milango. Hatoki mtu humu akiwa hai!"

Kipaza sauti kikalichukua neno lile mpaka kwa wanawake, mpaka barabarani. Kikombe cha kahawa kilianguka mahali fulani. Mzee mmoja alishika viatu vyake.

Mzee Marhoon akainuka polepole. Uso wake sitausahau. Hakupandisha sauti, na ndipo nilipoogopa kweli.

"Hatem," kasema, "huo nd'o mchezo ulokuja kunchezea siku ya mwanangu?"

Nikatikisa kichwa. Machozi yakanitoka, mbele ya watu wote, na sikuweza hata kusema samahani. Nilijua nimemkosa Mahbuba. Nikatoa karatasi na kalamu nikaandika kila kitu kwa upesi, chungu, kanda, wajukuu, Bibi Muhsina, koo. Shekhe akasoma kwanza. Akasoma tena. Akasema kwa upole kwamba mashine haioi. Lakini mwenye kuumwa koo anaweza kumpa mtu uwakala amkubalie, ikiwa mwenye mwana yuko radhi.

Wote wakamtazama Mzee Marhoon. Mzee Marhoon hakumtazama mtu. Maana huko ndani, kwenye mlango wa wanawake, palikuwa na kelele za watoto. Walikuwa wamemtambua Abu Jarra wao mara tu aliponguruma. Wanajua kwa Kiarabu kila neno analosema pale, kwa hivyo hawakuhitaji mkalimani. Mdogo wao, Rahaf, miaka sita, ambaye hajapata kumjibu Bibi Muhsina hata neno moja la Kiswahili, alikuwa amesimama mlangoni, mikono katanua, anapiga kelele:

"Hatoki mtu! Bibi, hatoki mtu!"

Na sauti ya kizee ikamjibu kutoka ndani, "Mie n'ende wapi na magoti haya, mwanangu? Nnakaa papa hapa na wewe."

Rahaf akacheka. Alielewa! Akarudi ndani mbio kumfungia tena.

Mzee Marhoon akakaa. Akajifuta macho na ncha ya kilemba. Baadaye kidogo akasema yuko radhi, nitaje wakala.

Hapo ndipo hofu yangu yote ya wiki nzima ilipojikusanya. Aliyekuwa karibu, mtu mzima, wa damu yangu, anayenijua, alikuwa mmoja tu. Nikanyoosha kidole kwa Majid.

Majid akasogea mbele ya kipaza sauti. Akasafisha koo.

"Nimekubali," kasema.

Akakivuta kipaza sauti karibu zaidi.

Akavuta pumzi. Ndefu. Mtu mwenye kifua kile anavuta pumzi ndefu. Miaka miwili ilipita hapo, niliihesabu. Niliona Mahbuba amekwenda, na nyumba, na watoto wote wenye lafudhi ya bara.

"Nimekubali nikahi hii," akamalizia, "kwa ajili ya ndugu yangu Hatem, aliyenipa uwakala."

Nikamwangukia shingoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nina mke!

Ijumaa, 20 Februari

Majid kaja kula biriani la kesho yake. Kaleta na kile kitabu. Kaniambia kuna jambo hana budi kulikiri, dhamiri inamsumbua. Hajui kusoma Kijapani. Miezi sita kule alikuwa akisomeshwa kwa Kiingereza. Jana usiku kampigia simu Mjapani waliyesoma pamoja, kamweleza picha, na ukurasa ule ni tangazo la peremende za koo. Hadithi ya siku tatu aliitunga yeye kwa kunitania, hakujua nitaiamini mpaka mbele ya shekhe. Kasema koo langu liliharibiwa na moshi.

Nimemtazama kwa huruma. Anajaribu kunituliza, maskini. Moyo mzuri anao, nimekiri sasa. Lakini kama ni tangazo tu, kwa nini maandishi ni mekundu?

Jumatatu, 23 Februari

Sauti imerudi! Yote! Siku tatu barabara tangu Ijumaa, mama alipokificha chungu ili niache moshi. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Mahbuba kapiga simu, nikamsemesha saa nzima. Kacheka tulipofika kwenye viatu vya yule mzee. Mzee Marhoon katuma salamu. Watoto, ambao kanda yetu waliiona baada ya halua, sasa wanamwendea Bibi Muhsina kila jioni wafungiwe milango, na kila siku wanajifunza maneno matatu manne. Bibi ameomba jambo moja. Siku ya harusi, Mahbuba atakapoletwa kwangu, Alhamisi tarehe 5 Machi, nimsomee kasida ukumbini kwa sauti yangu mwenyewe, isiwe ya joho. Nimeahidi. Mzee Marhoon kasema hilo nisilikose hata ikinyesha mawe.

Nimepata wazo. Kubwa! Siku hiyohiyo, baada ya kasida, tuonyeshe sehemu ya pili. Mzee Chungu anapigana na mwanawe, na wote wawili wananguruma. Nitawafanya wote mimi.

Zimwi silihofii tena, dawa yake nimeijua. Safari ya kwanza ubani ulikuwa kidogo. Nimekipata chungu nyuma ya tangi la maji, nimetia ubani maradufu, nimefanya mazoezi tangu adhuhuri.

Koo linawasha kidogo. Vumbi la Mabela hili.