Nilivyomuua Zablon

Jumatatu, 3 Machi 2025
Aibu leo sokoni Suna, hapa Migori. Mama muuza dagaa wa omena kanipita mimi, Gisiri, kaenda kuomba picha na Zablon. Simu ya kuwapiga picha hiyo kanipa mimi! Mimi ninayetunga vichekesho vyetu vyote, ninayeigiza chifu, mchungaji na bibi harusi. Zablon huigiza mlevi tu. Kazi yake kuanguka. Ni rafiki yangu tangu darasa la tatu, sina wivu. Lakini mtandaoni tumedorora, na mwenye akili hapa ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Zablon kaenda Sori, ziwani, kumsaidia mjomba wake kutega nyavu. Simu yake imezima. Bahati haiji mara mbili. Nimejirekodi nikitangaza kwamba amezama ziwani, nikaiweka video mtandaoni. Nimelia jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia. Akirudi amefufuka, watu watacheka, sote tutavuma. Scovia, mpigapicha wetu, kauliza kama Zablon anajua. Nikamwambia msanii halisi hushtukizwa.

Jumatano, 5 Machi
Homa Bay nzima, kwao Zablon, inaomboleza. Wanasema hawajaona mtu akilia kama mimi. Nimeyasoma maoni hayo mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 6 Machi
Tumekwenda Kendu Bay kurekodi matanga kwa kina Zablon. Hema limesimama, ng'ombe kachinjwa, fundi anapiga jeneza randa. Mama yake kanikumbatia. Sauti imemwishia kwa kulia. Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini mwanga ulikuwa mzuri sana.

Alasiri marehemu kaingia langoni na samaki mkononi. Mama kazirai. Vijana wakanigeukia. Nimetorokea shamba la mtama, mguuni kiatu kimoja.

Ijumaa, 7 Machi
Zablon amekuja. Nilitegemea ngumi, nikajiandaa kuanguka vizuri. Hakunipiga. Alikaa kitandani kwangu, akasema polepole, "Mama amenilia nikiwa hai, Gisiri. Siku nikifa kweli, atatoa wapi machozi mengine?"

Maneno mazito. Nikamwomba ayarudie, Scovia arekodi. Akaondoka. Scovia akamfuata, na kamera yake.

Jumapili, 9 Machi
Zablon hapokei simu. Chumba kimya. Natukanwa kuanzia Isebania hadi Mbita. Msanii gani wa Migori amewahi kujulikana mbali hivyo? Najivunia. Ila usiku sikulala. Bila Zablon, mzaha nikiutunga nautupia ukuta.

Nimetafakari tangu asubuhi, kosa nimeliona. Nilikosea kuchagua marehemu tu. Kesho nakufa mimi. Zablon lazima aje kulia.