Mwaka wa Kutoomba Radhi

Alhamisi, Januari 1

Sitaweka maazimio mwaka huu. Mwaka jana niliweka tisa. Nimeyakagua asubuhi hii: limetimia moja, la kunywa maji mengi, na hata hilo sina hakika kama lilikuwa juhudi yangu au ile homa ya Machi.

Kazi yangu ni kuorodhesha vitabu katika maktaba ya chuo. Kitabu, hata kiwe kinene kama tofali, hupewa mada kuu moja, na mada hiyo ndiyo humwelekeza msomaji kwenye rafu. Kwa nini mwaka usipewe mada? Neno moja tu, la kuuongoza mpaka Desemba.

Nilijaribu "Utulivu". Mdogo wangu akasema kwenye simu kwamba hilo likabandikwe kwenye chupa ya dawa ya usingizi. Nikajaribu "Ukuaji". Linafaa kabichi.

Saa nne nikajigonga goti kwenye kona ya kabati. Nikaliambia samahani. Kabati! Miaka arobaini na moja, shahada mbili, na bado naomba radhi samani.

Mada imepatikana: Kutoomba Radhi. Mama, ninayeishi naye, aliuliza, je, hata nikimkanyaga yeye? Nikamjibu kwamba hata nikimkanyaga. Akanitazama. Nikamwomba radhi.

Hesabu itaanza kesho.

Ijumaa, Januari 2

Radhi zilizoombwa: hakuna.

Mtu alinikanyaga ngazini. Kwa desturi mimi ndiye humwomba radhi anikanyagaye, kwa kuuweka mguu wangu chini ya wake. Leo nilinyamaza. Maumivu yaleyale, heshima mpya.

Bwana Maazimio wa kitengo cha majarida amebandika maazimio yake kumi na mawili kwenye ubao wa matangazo, kila moja na kisanduku cha kutia alama. La saba: "Kuwa msikivu." Tayari amelitia alama, na ni saa tatu asubuhi! Mimi na yeye tumeomba nafasi moja, ukuu wa kitengo cha uorodheshaji. Nimekikaimu kitengo hicho miaka minne. Usaili ni Ijumaa ijayo, na mwenye kauli ni Mkutubi Mkuu, mtu mpole, mwandishi wa kitabu kimoja tu maishani: *Vumbi Maktabani: Juzuu la Kwanza*. La pili halikuwahi kutoka.

Jumatatu, Januari 5

Siku ya kupunguza vitabu. Kanuni ni nyepesi: kitabu kisichoazimwa kwa miaka kumi hupigwa muhuri mwekundu wa IMEONDOLEWA na kupelekwa kwa mnunuzi wa karatasi chakavu. Miaka yote nimeipiga mihuri hiyo huku nikivinong'onezea vitabu samahani. Leo hapana. Niligonga kama seremala. Vitabu mia mbili na kumi na viwili kabla ya chakula cha mchana.

Saa nane akaja Bwana Maazimio, amekumbatia kimoja. *Vumbi Maktabani*. Nakala ya pekee. Muhuri umetua katikati ya ukurasa wa kutabaruku, juu ya maneno "Kwa marehemu mama yangu".

Nakiri moyo ulishtuka. Lakini nilikagua karatasi ya tarehe. Kitabu kiliazimwa mara ya mwisho miaka kumi na mmoja iliyopita. Mwazimaji: mwandishi mwenyewe. Kanuni haimtambui mwandishi.

Bwana Maazimio alisema: dada, nenda kaombe radhi mapema, yaishe. Ushauri mzuri mno kutoka kwa mshindani. Ama ni mtego, ama ni azimio lake namba nne: "Kuwafaa wenzangu." Nimeukataa kwa sababu zote mbili.

Jumanne, Januari 6

Nimeitwa. Kitabu kilikuwa mezani kwa Mkutubi Mkuu, kimefunuliwa pale penye wekundu. Alisema kwa upole kwamba kukosea ni ubinadamu, mama yake mwenyewe alikuwa mtu wa kusahau, na yeye hahitaji barua wala maelezo, ni neno moja dogo tu. Kisha akangoja.

Nililisikia likipanda kooni. Nililimeza. Hata hivyo sikutaka kuonekana katili, nikasema: "Pole sana, mzee."

Pole si radhi. Nimelipima jambo hili kwa makini na ninalisimamia. Nilimpa pole kama vile kitabu chake kimegongwa na gari la mtu mwingine. Akaniuliza pole ya nini. Nikamsomea kanuni, kifungu cha nne.

Akasema: "Sawa, mama." Sijawahi kusikia "sawa" ndefu namna ile.

Nafasi yangu inaponyoka. Labda nimekosea. Lakini mtu akiiacha mada tarehe sita Januari, hiyo haikuwa mada, ilikuwa mafua. Nina mpango bora kuliko radhi: nitathibitisha kwamba kitabu kinasomwa. Kitabu chenye wasomaji hakijawahi kuondolewa. Niliomba nikakitengeneze, nikakirudisha kwenye orodha, nikaondoka nacho.

Jumatano, Januari 7

Waazimaji ndani ya siku moja: watatu. Nimegonga tarehe kwa kila mmoja, kihalali kabisa, maana wote wana kadi za familia ya mtumishi.

Mama alisoma ukurasa wa kwanza akapiga chafya. Shangazi aliuliza kama kitabu kinaeleza namna ya kuliondoa hilo vumbi, au kinalisifu tu. Shemeji, fundi cherehani, alikiazima kwa saa mbili na kukirudisha kikiwa na chaki kwenye jalada. Alisema kina uzito mzuri wa kukandamiza kola. Nimeyapokea hayo kama maoni ya wasomaji.

Alhamisi, Januari 8

Nilikiweka kitabu mezani kwa Mkutubi Mkuu, kimefunuliwa kwenye karatasi ya tarehe. Bila neno. Ushahidi hujieleza.

Saa tano akaja mwenyewe kitengoni kwetu, jambo ambalo hajalifanya tangu paa lilipovuja. Macho yamemlowa. Wasomaji watatu! Katika juma moja! Alisema usiku huohuo ataanza Juzuu la Pili. Alisema anataka kuwaona watu hawa, awanyweshe chai, kesho saa nne, kabla ya usaili. Akaniuliza kama ninawafahamu.

Nikasema kwa sura.

Ijumaa, Januari 9

Jana jioni niliwafunda wageni wangu. Masharti matatu: msijitaje kuwa ndugu zangu, msitaje muhuri, sifieni sura ya tatu. Mama alisema amenielewa. Alivyolisema neno hilo ilitosha kunitia shaka.

Saa nne kamili wote ndani. Chai, biskuti, Mkutubi Mkuu na tai mpya. Bwana Maazimio kaalikwa pia, kaandaa daftari la kunukuu. Mkutubi Mkuu akamwomba msomaji mwenye umri mkubwa afungue mazungumzo.

Mama akasimama, akajifunga mtandio vizuri. Akasema: "Baba, kwanza utusamehe sana. Huyu ni mwanangu. Kakipiga muhuri kitabu chako juu ya jina la mama yako, na mimi ni mama, nimeliona lile jina, sikulala. Kichwa chake kigumu, lakini moyo anao."

Shangazi naye akaomba radhi, kwa niaba ya upande wa baba. Shemeji akaomba radhi kwa chaki.

Mkutubi Mkuu aliweka kikombe chini. Nilidhani atatufukuza. Badala yake akacheka, akafuta macho kwa ncha ya ile tai mpya, akamwambia Mama kwamba amesamehe, tena zamani. Kisha akanigeukia. Akauliza kama ninayaunga mkono maneno ya mama yangu. Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha.

Chumba kizima kilikuwa upande wangu. Hata Bwana Maazimio alinikonyeza. Nilitafakari. Nikasema sina la kuongeza wala la kupunguza.

Nikakusanya vikombe nitoke. Mikono imejaa, nikaugonga mlango kwa bega.

"Samahani," nikasema.

Nyuma yangu kiti kikaburutwa. Mkutubi Mkuu amesimama, uso umemng'aa kama wa mtu aliyeletewa barua aliyoingoja. Akauliza: "Umesemaje, mwanangu?"

Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo jioni nzima. Kunyamaza tu, na kitengo kingekuwa changu.

Nikamwambia: "Nilikuwa naongea na mlango, mzee."

Usaili ulichukua dakika nne. Nafasi amepewa Bwana Maazimio.

Nyumbani Mama alinipakulia chakula bila kunisemesha. Kisha akanisemesha. Bora angeendelea kunyamaza.

Jumatatu, Januari 12

Tathmini ya majuma mawili, kwa utulivu na uadilifu.

Radhi zilizoombwa: hakuna. Nimelichunguza suala la mlango kwa pande zote na nimeshawishika, ingawa si kikamilifu, kwamba mlango si mtu. Mada imesimama. Kilichoanguka ni nafasi tu, na nafasi haikuwa mada.

Bwana Maazimio alihamia leo kwenye meza iliyokuwa yangu. Aliniomba radhi kwa kunihamisha. Tena mara mbili! Maskini, ana safari ndefu. Alisema akisafiri nitamkaimu. Akaniomba nimalizie rafu zilizobaki za kupunguza vitabu, kwa uangalifu, dada, tafadhali, tazama majina.

Nikamjibu kwamba mimi hutazama tarehe.

Rafu ya mwisho, kona ya chini, nimekuta tasnifu yenye jalada la kijani, nadhifu kama siku iliyoletwa. *Majarida na Wasomaji Wake*. Jina la mwandishi nalifahamu. Ameketi hatua sita kutoka hapa, anatia alama kisanduku cha tisa.

Mara ya mwisho kuazimwa: miaka kumi na siku mbili zilizopita.

Nimetafakari kwa dakika nzima, kama inavyompasa msomi. Kisha nikauvuta karibu wino mwekundu.