Cheti Kisichomtaja Baba

Ndugu Afisa wa Bustani za Mji,

Naomba barua hii uisome ukiwa umeketi. Mimi naiandika nimesimama, kwa sababu utakazoziona katika namba 2.

Wiki jana ofisi yako ilimpa jirani yangu, mkunga, cheti cha Kichaka Bora kwa ajili ya holi yake: ile yenye majani magumu ya miiba, kijani katikati na krimu pembeni, isiyopukutisha mwaka mzima. Imejaa vitunda vyekundu hadi matawi yameinama. Sina kinyongo. Nina malalamiko manne tu.

1. Watu walipomuuliza siri yake, alijibu, "Nakimwagilia tu na kukisemesha." Hakunitaja! Ndugu Afisa, holi jike haizai bila dume jirani, na dume ni langu. Mwenye kitalu aliyeniuzia aliniambia waziwazi, "Mzee, hili ni dume, usitegemee matunda." Miaka sita halijazaa hata kimoja. Unataka ushahidi gani zaidi?

2. Dume hili nimelilea kama ninavyoshona suti ya bwana harusi. Likichomoza tawi la kijani kitupu, nalikata kutoka shinani, maana likiachwa, kijani humeza krimu yote. Kila likimaliza maua, nalipunguza pande zote kwa futi yangu ya kushonea, lisizidi hata nusu inchi. Miiba imenitoboa suruali tatu. Fundi cherehani wa miaka arobaini natembea na kiraka makalioni, na kukaa bado ni mtihani.

3. Nyuki wanaingia uani kwangu bila hodi, wanachukua chavua na kuipeleka kwa mkunga. Nilitundika shuka kuwazuia. Mke wangu akaniuliza, "Baba, sasa unagombana na nyuki?" Nikamjibu kwamba nalinda jina la familia. Alicheka mpaka akakaa chini.

4. Ndege wakishiba vitunda kwa mkunga, huja kujisaidia kwenye kamba yangu ya nguo. Yaani heshima ya baba sipewi, lakini kufua nafua mimi!

Kwa hiyo naomba cheti kiandikwe upya, kitaje baba na mama. Kibao kibandikwe getini kwa mkunga, "Baba yao yuko nyumba ya pili". Na kila Ijumaa tawi moja lenye vitunda liletwe kumsalimia mzazi wake.

Nisalimie karani wa mapokezi, mlinzi, na yule mama wa mipira ya maji.

Wako mwenye uchungu wa mzazi,
Fundi Suti, nyumba ya geti la bluu

N.B. Nimeshabandika stempu, mkunga akaja kuazima ngazi. Akapita nyuma ya holi yangu, akapiga kelele: "Fundi! Hili ni jike!" Kweli, upande ambao mwaka huu goti lilinizuia kufika na mkasi, pana vitunda vinne vyekundu. Miaka yote nilikuwa navikata vikiwa vichanga, kwa mikono yangu mwenyewe! Nimerukaruka uani bila kujali goti. Mkunga anasema holi nyingine pekee mtaa huu ni ile iliyo chini ya dirisha la ofisi yako, kwa hiyo dume ni hilo lako. Basi cheti kisiguswe. Vichaka vyetu ni wake wenza, na wewe ndiye mkwe wetu. Jumatatu asubuhi tunakuja kujitambulisha rasmi. Mke wangu ameshaanza vigelegele.