Nilivyopinga Harusi Jukwaani

Leo nimejianika. Nimejianika mbele ya ukumbi mzima, mbele ya pasta, na mbele ya mama mkwe mtarajiwa. Afadhali niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia sokoni, maana hapa Machakos habari haina breki.

Mnamjua Mwende wangu. (Sawa, hammjui, lakini nimewasumbua na jina lake vya kutosha.) Mwezi ujao wazee wangu wanapeleka posa kwao Kola. Kabla ya hapo mama yake alisema anataka kuniangalia kidogo, aone kama nina akili zangu. Ndipo nikasikia ule mchezo wa nyimbo, Pete ya Kamene, umerudishwa. Waigizaji wapya, ukumbi ule ule wa mjini. Niliuona nikiwa kidato cha tatu, shule ilipotuleta, nikaukariri wote. Msichana anapendwa na wanaume wawili, mama yake ana mdomo, kila mtu anaimba shida zake za mapenzi, mwisho ni harusi. Nikajiambia, nikimleta Mama Mwende hapa, nimepita mtihani.

Tukakutana mlangoni alasiri. Mama alikuwa amevaa kitambaa cha kanisa kichwani na uso wa mtu aliyekuja kukagua ng'ombe. Kwetu Ukambani, mtu na mama mkwe hawakaribiani ovyo. Ile heshima ya kuogopana tunaiita nthoni. Nikamsalimia kwa mbali. Tukamweka Mwende katikati.

Kosa langu la kwanza: nilianza kueleza. Kila wimbo ukianza, namwinamia Mwende.

"Sasa hapa atalia."

Analia.

"Sasa mama yake atatoka jikoni na mwiko."

Anatoka na mwiko.

Nikamsikia Mama Mwende akinong'ona, "Huyu kijana yako ni mtu ama ni redio?"

(Nilidhani ananisifu.)

Mapumziko yakafika, nikaenda kununulia watu soda. Foleni ilikuwa ndefu. Nikiwa huko nikasikia mtu ndani anatangaza kitu kwa maikrofoni, halafu makofi, halafu vigelegele. Sikujali. Matangazo ya kwetu ni yale yale, gari fulani lisogezwe, funguo zimeokotwa. Niliporudi na chupa zangu, taa zilikuwa zimezimwa tayari.

"Kioko, umekosa tangazo tamu!" Mwende akaniambia.

"Shhh. Tamu yenyewe bado."

Kwa sababu mimi nilikuwa nangojea kitu kimoja tu. Katika ule mchezo wa zamani, pasta wa jukwaani alikuwa akiuliza kama kuna mtu ana pingamizi, na ukumbi wote unasimama na kupiga kelele, "Napinga! Bibi harusi ana mume!" Halafu kwaya inaingia na wimbo wa mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya kuja! Shule yetu ilipiga kelele hadi mwalimu wa zamu akaogopa.

"Nikisimama, nanyi simameni," nikamwambia Mwende.

"Ngoja, Kioko, hii harusi..."

"We simama tu."

Baada ya mapumziko kulibaki harusi ya mwisho tu, na bibi harusi akaingia. Gauni lake lilikuwa zuri kupita uwezo wa kikundi cha maigizo. (Hapo mtu mwingine angeshtuka.) Bwana harusi alikuwa anapapasa mfuko wa pete kila mara. Nikasema moyoni, huyu anajua kuigiza. Pasta alikuwa mzee wa miwani, anasoma polepole, anakohoa, anapoteza mstari na kuutafuta. Nikasema, huyu apewe zawadi! Nyuma yao wazazi wamekaa kwa viti, mama mmoja anafuta machozi.

"Wameongeza waigizaji," nikamnong'oneza Mwende.

Alikuwa ameshika shati langu kwa nguvu. Nilidhani ni mapenzi.

Pasta akauliza lile swali.

Nikaruka juu.

"NAPINGA! BIBI HARUSI ANA MUME!"

Peke yangu.

Chupa ya soda ilinitoka mkononi, ikabingirika chini ya viti hadi mbele, na kila mtu akaisikiliza ikienda. Mimi nikadhani wenzangu wamechelewa tu. Kwa hivyo nikarudia. (Ndio. Mara ya pili. Na mikono nimeinua, nawaamsha watu kama mwalimu wa kwaya.)

Bibi harusi akakaa chini sakafuni, gauni na yote. Yule mama wa machozi akapiga nduru. Bwana harusi akageuka, "Kanini, ni nini hii?"

Kanini? Kwa mchezo msichana anaitwa Kamene.

Nikashusha mikono.

Pasta akavua miwani. "Kijana, mume wake ni nani?"

"Ni... ni wa kwa mchezo."

"Mchezo umeisha. Hawa waigizaji wawili ni wachumba wa ukweli, na mahali pa harusi ya mchezo tunafunga ndoa yao ya ukweli. Tulipotangaza ulikuwa wapi?"

"Kwa soda."

Watu wa nyuma wakaangua kicheko. Jukwaani hakuna aliyecheka. Mjomba wa bibi harusi, mzee mmoja mpana kutoka Matuu, akasimama. "Wacha aongee! Kama kuna mume, tumjue leo!"

Pasta akasema pingamizi likishatolewa, hawezi kuendelea mpaka liondolewe. Nikapandishwa jukwaani. Nikapewa maikrofoni. Nikasema mimi ni Kioko wa Mumbuni, nauza rangi, simjui huyu dada, simjui mume wake...

"Mume gani tena?" mjomba akauliza.

"Hana! Hana mume!"

"Omba msamaha!"

"Pole."

"Kwa nguvu!"

"POLE!"

Nikadhani yameisha. Bibi harusi akachukua maikrofoni, macho mekundu. "Pasta, mimi sitaendelea. Kwanza huyu aimbe ule wimbo wa mwisho, si anajua mchezo sana?"

Nikaimba. Sauti niliyoikumbuka ni ile ya mama wa mwiko, ya juu kabisa. Kwaya ikaona huruma ikaniitikia. Mjomba akanipigia makofi ya mdundo, bila kutabasamu. Huko chini nikamwona Mama Mwende amejifunika uso na kitambaa, mabega yanatikisika. Nikajua posa imekufa.

Ndoa ikafungwa. Nje, Mama akanijia mwenyewe, nthoni ameiweka kando. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Kijana."

"Naam, Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba.

"Siku yenu na Mwende, hiyo swali tutaambia pasta airuke."

Akaanza tena kutikisika mabega. Kumbe kule ndani alikuwa anacheka! Mwende bado hajaniongelesha, lakini mama yake ameitaja siku yetu ya harusi, na mimi nimeishika hivyo hivyo.

Hapa saiba, kwenye kompyuta za kulipia, jirani yangu anasoma skrini yangu na kujifanya anakohoa. Nanyi nawaomba, anayetaka kucheka azime kompyuta kwanza, acheke na ukuta.