Mgongo Wangu na Jeneza la Gekara

Alhamisi, 3 Julai
Gekara amekufa. Presha ilimwangusha jana mchana mlangoni mwa stoo ya kiwanda. Miaka ishirini na moja tumebeba mifuko ya majani chai pamoja, yeye upande huu, mimi ule. Tuliahidiana: atakayebaki atambeba mwenzake. Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwao, karibu na Chepilat.

Tatizo ni mgongo. Mwezi wa tano niliinua mfuko peke yangu kwa sababu Johana wa mashine ya kukausha alisema siwezi. Kumbe alisema kweli. Diski ya kiunoni imetokeza nje, inabana neva. Mguu wa kushoto unawaka moto hadi kidole gumba.

Hata hivyo nilimwendea Elmina, mjane wake, nikamwambia mbele kushoto ni pangu. Alinishika mkono tu.

Ijumaa, 4 Julai
Kliniki ya fizio. Tecla, anayenitibu, alinilaza kifudifudi, akaniamuru nijisukume juu kwa mikono, kiuno kibaki chini. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha akauliza kama mkojo unatoka sawa. Msichana wa rika la binti yangu Loice! Nikasema unatoka vizuri, asante.

Nikamuuliza kwa ujanja: mtu mwenye diski, tuseme rafiki yangu, anaweza kubeba jeneza? Akajibu kwamba huyo rafiki asiinue hata ndoo ya maji kwa wiki sita. Aliniangalia sana aliposema hivyo.

Johana alikuwa kwenye benchi. Naye aliumia mgongo akivuta toroli, wiki mbili baada yangu. Nilifurahi kidogo siku ile, Mungu anisamehe. Lakini yake ni misuli tu, na anafanya kila zoezi analoambiwa. Anajipendekeza.

Jumapili, 6 Julai
Sikwenda kanisani. Benchi silimudu.

Mpango! Mazoezi ya wiki sita nitayamaliza kwa siku tano. Mara mia mbili na hamsini kwa siku. Hesabu rahisi, sijui kwa nini kliniki hawajaifikiria.

Nilifika thelathini na nane. Nikamkumbuka Gekara akiimba tenzi huku ameshika pembe ya mfuko, sauti mbaya kabisa, nikabaki kifudifudi sakafuni nikilia. Mke wangu Molly akauliza kama ni neva. Nikasema ni neva.

Jumanne, 8 Julai
Soksi siwezi kuvaa. Molly ananivalisha kama mtoto.

Mpango wa pili: kuzoeza bega. Molly alipokwenda kukama, nilijitwika nusu gunia la mahindi, nikazunguka nyumba. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, nikakutana naye kwenye kona ameshika maziwa.

"Baba Loice, unataka tuzike wawili?"

Nilidhani atanigombeza. Akakaa chini kwenye ngazi, akalia. Nami nimesimama na gunia begani, sijui niliweke wapi.

Alhamisi, 10 Julai
Tecla aliniambia niinue kidole gumba cha mguu. Nikakiinua. Akasema bado anangoja. Nikaangalia: kidole kimelala palepale. Akauliza nimefanya nini. Nikamwambia nimelala vibaya. Akaandika kitu kirefu.

Jioni kwenye matanga, Mosoti, mdogo wa marehemu, akasoma majina ya wabebaji. Wanane. Mbele kushoto: Johana! Mtu aliyemjua Gekara miaka mitatu! Mimi nimeandikiwa kiti.

Jumamosi, 12 Julai
Nilimeza vidonge maradufu, nikajikaza kiuno kwa mshipi wa kazi. Jeneza lilipotoka nyumbani nilimsogelea Johana, nikamnong'oneza kwamba mchungaji anamwita. Mchungaji alikuwa mbele yetu, anatuangalia.

Johana hakubisha. Akasema polepole, "Ingia. Nitakuwa nyuma yako."

Nikambeba Gekara. Alikuwa mzito kuliko mfuko wowote. Hatua sita hivi, nadhani. Kisha mguu wa kushoto ukapotea, kama umezimwa. Watu wakapiga kelele. Jeneza liliinama, Johana akaingiza bega, akalizuia. Halikuanguka. Nilianguka mimi, katikati ya mistari ya michai, na viatu vikanipita, na rafiki yangu akapita juu yangu.

Kaburi sikuliona. Nilisikia udongo tu.

Baadaye Elmina alikuja, akakaa kwenye matope kando yangu na gauni lake jeusi. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia nimembeba hatua sita tu.

"Nilihesabu, shemeji," akasema. "Kumi na moja."

Hapo ndipo nilipolia mbele za watu.

Jumatatu, 14 Julai
Tecla hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema tunaanza upya, wiki sita kuanzia leo, na kidole kisipoinuka karibuni atanipeleka kwa daktari wa upasuaji. Johana alinisalimia, akaniuliza hali, hakutaja jeneza hata kidogo. Hiyo ndiyo njia yake ya kujisifu.

Nimeapa mbele ya Molly, mkono juu ya Biblia: kujisukuma mara kumi tu, kutembea, kutoinua kitu.

Jioni Elmina akapita kuaga. Anaiacha nyumba ya kiwanda, anarudi Chepilat. Vyote amefunga isipokuwa kabati, la mti mzito, Gekara alilitengeneza mwenyewe mwaka walipooana. Anatafuta wanaume wanne wa kulitoa.

Nikamwambia asisumbue watu. Jumamosi Molly ana kikao cha akina mama hadi saa saba.

Nitaanza na droo.